Samaki wa Kuchukiwa

Umewahi kuchukiwa na samaki?

Usicheke. Mwenzetu Digrii alicheka pia, na sasa hana sikio la kushoto.

Jina hilo alipewa na shemeji yake, mume wa dada yake, siku aliyohamia kwao na begi moja na cheti cha chuo kikuu, second upper. "Digrii, deki hapa. Digrii, pisha nikae." Wakampa stoo. Humo, kati ya ndoo za rangi na viti vibovu, akaweka tangi la kioo, pampu ya hewa iliyokoroma kama mzee mwenye mafua, na samaki wawili wakali, dume na jike, wenye madoa ya chui. Si waliambiwa wajiajiri? Be creative, alisema bwana mmoja mwenye tai kwenye semina ya vijana, kisha akapanda gari la ofisi akaenda zake. Haya, Digrii akajiajiri. Azalishe, auze vifaranga, apange chumba, aondoke pale. Hilo tu ndilo alilolitaka duniani: kuondoka pale.

Tatizo, dume hakutaka mke. Alitaka nyama.

Jioni moja, jua likizama, Digrii alikuta kizuizi cha plastiki alichowatenga nacho kimeng'olewa na jike kabanwa kwenye kona. Mkia umebaki uzi. Magamba yanaelea. Akawatenganisha, akatoka mbio kutafuta wa kumwuliza. Duka alilowanunua lilikuwa limefungwa. Ila kwenye kichochoro cha pembeni, alichokipita kila siku, mwanamke alikuwa ameketi nyuma ya beseni.

Digrii hakuwahi kumwona.

Palinuka tope bichi, na mvua haikuwa imenyesha.

"Dume anaua jike," mwanamke alinong'ona.

Digrii hata mdomo hajafungua. "Ndiyo, mama. Nifanyeje?"

"Mume na mke wanaouana hawahitaji mapenzi, mwanangu. Wanahitaji mtu wa kumchukia pamoja." Akazamisha mkono kwenye beseni, akatoa samaki mdogo wa kijivu, mnyonge, hana hata nguvu ya kurukaruka, akamtia kwenye mfuko wa maji, akampa. "Mtie huyu. Watamgeukia yeye, wao wapatane. Ila wakitaga, mtoe. Papo hapo. Wanaoanza kazi hii hujisahau hapo."

"Bei gani?"

"Ameshalipiwa."

"Na nani?"

"Walikuja wawili. Nao walikuwa wanauana."

Ushungi ukateleza. Shingoni mwake, chini ya sikio, ngozi ilikuwa inafunguka... inajifunga, kama shavu la samaki. Inafunguka... inajifunga.

Digrii alikimbia. Lakini mfuko wa samaki hakuutupa. Mwenye shida hachagui mganga.

Na dawa ikafanya kazi, problem solved! Dume na jike walimvamia Kijivu bega kwa bega kama maharusi. Du! Kichwa kikagonga kioo. Du! Pezi la kushoto likang'oka lote. Waliposhiba walisuguana mbavu, wakalala pamoja.

Asubuhi Digrii aliamka na damu kwenye mto. Sikio la kushoto halipo.

"Panya," alisema dada, akimfunga kitambaa. "Panya wa stoo hawana adabu."

"Wanapenda wasomi," akasema shemeji.

Wakacheka wote wawili. Wakashikana mikono juu ya meza.

Hapo Digrii akaitazama ile mikono. Hawa wawili, kabla hajaja, walikuwa wakirushiana sufuria mpaka majirani wakazoea. Ni dada mwenyewe aliyempigia simu: "Njoo ukae kwetu, mdogo wangu. Kula kwa dada si aibu." Tangu afike, ngumi za shemeji hazikumgusa dada tena. Zilimshukia yeye: kwa taa aliyoiacha ikiwaka, kwa mkate uliokwisha. Na dada, yuleyule aliyembeba mgongoni utotoni, ndiye aliyekuwa akishika mlango asitoke.

Sasa utauliza, kwa nini hakumtoa Kijivu siku ileile? Akimtoa, jike anakufa. Jike akifa, hakuna vifaranga, na vifaranga ndiyo nauli yake. Basi akavumilia. Kijivu akiumwa mgongoni, yeye analala kifudifudi. Shemeji akiinua mkono, Kijivu anatoka damu. Nani alianza, yeye au samaki, akashindwa kujua.

Halafu, jioni nyingine, akaona mayai.

Yametandazwa juu ya jiwe, madogo, yanang'aa, mengi kuliko alivyowahi kuota. Digrii akaruka kama mtoto. Wakati huohuo dada akapiga vigelegele sebuleni.

"Nina mimba! Baada ya miaka yote hii, mume wangu, nina mimba!"

Digrii akatabasamu. Kisha tabasamu likaganda.

Wakitaga, mtoe.

Akatumbukiza mkono. Dume akauma kidole gumba mpaka mfupani. Jike akaning'inia kwenye kiganja, akitikisa kichwa kama mbwa. Maji yakawa mekundu. Kijivu alikuwa kwenye kona, ubavu umechanika, anamtazama. Digrii akahisi shati lake linalowa, ubavu uleule.

Nyuma yake, mlango ukalia.

Harufu ya tope bichi.

Dada na shemeji walisimama bega kwa bega. Shemeji ameshika mchi. Dada ameweka kiganja tumboni, na sauti yake ilikuwa ya upole, ileile ya kumbembeleza zamani.

"Mdogo wangu... nyumba imekuwa ndogo."

"Dada, mimi ni damu yako!"

"Ndiyo maana ulifaa."

Akafunga mlango kwa ndani.

Du!

Shemeji anatangaza mtaani kwamba Digrii amepata kazi mbali. Kazi! Sisi wenye vyeti kama chake tunaijua hiyo kazi? Simu yake inaita ndani ya stoo. Pampu inakoroma. Ukichungulia penye ufa wa pazia, Kijivu yumo, hana pezi la kushoto, anafungua mdomo na kufunga kama mtu anayeita. Mwanamke wa kichochoroni hayupo. Pale pana ukuta tu, na chini yake alama ya beseni, mbichi.

Bwana wa tai, kwako tutakuja baadaye. Kwanza nyinyi wawili, mke na mume, msijifanye hamsikii tunavyogonga. Mmeshataga. Mlimtia nyinyi.

Mtoeni.