Unyayo Aliosahau Kuufagia

Giza lilikuwa linaanza kuingia Korogwe, Raheli na bintiye Glory wakitoka dukani kununua chumvi. Kuanzia barabarani mama alitembea kinyumenyume, akifagia nyayo zao kwa tawi. Majirani walimcheka. Wacheke tu. Wao hawakumjua Mdoe, kaka wa marehemu mumewe, mganga wa Kang'ata aliyedai mizimu imemchagua Glory arithi mkoba wa uganga. Mtoto wa miaka saba, jamani. Mganga wa aina ile akichota udongo uliokanyaga, anakufuata popote. Ndiyo maana walitoroka, na ndiyo maana alifagia.

Simu ikatoa mlio. Ujumbe, namba ngeni.

"Nimechota unyayo wako, shemeji."

Chini yake, tarakimu zenye nukta katikati, na neno moja: Korogwe.

Alimvuta Glory mkono mpaka kwa Dorkasi, fundi simu wa mtaani.

"Umefungua nini leo, dada?" Dorkasi alinong'ona.

"Nilitumiwa kiungo cha picha za msiba wa mama mkwe. Ningeachaje?"

"Kulikuwa na picha?"

"Hapana... ukurasa mweupe tu."

"Basi kiungo kile kilikuwa mtego. Hizi tarakimu ni anwani yako ya mtandao. Ukibonyeza tu, aliyetega anaiona."

"Mpaka mlango wangu?"

"Hapana. Inamwonyesha mji, labda na kampuni ya simu. Mlango hauoni."

Dorkasi akamwekea VPN, programu ya kuficha anwani, akamkataza kugusa tena kiungo asichokijua.

Raheli alirudi akiwaka hasira njia nzima, hata kufagia akasahau. Miezi yote ya kuinama na tawi, mgongo ukimuuma, halafu lile jitu linatumia msiba wa mama yake mzazi kumnasa. Hata ulozi siku hizi hauna haya. Alimkasirikia Mdoe, akajikasirikia mwenyewe, akaikasirikia na simu.

Nyumbani alifunga komeo, akamlaza Glory.



Kisha harufu ya ubani, ule wa Mdoe, ikapenya kutoka nje.

Hapo hofu ilimwisha, ikabaki hasira peke yake. Alishika simu, akarekodi, meno yameumana: "Mwanangu humpati, Mdoe. Mizimu yako ikutafune wewe. Kama mwanamume, njoo uniambie usoni."

Akatuma kwa namba ile ngeni.

Alama mbili zikageuka bluu papo hapo.

Na nje ya ukuta, upande ule ule wa kitanda cha mtoto, Raheli akasikia sauti yake mwenyewe ikisema polepole, "Mwanangu..."

Ikakatwa. Ikarudiwa.

"Mwanangu..."

Glory, macho yamefumbwa, akageukia ukutani.

"Abee, mama," akaitikia.

Raheli alinyakua panga, akavuta komeo.