Fungu Lilikuwa Tupu

Wewe, jini ukimuona saa nne ya asubuhi, jua linawaka, unamwambia nani?

Jini wa usiku ana wasikilizaji wake. Huyu wa mchana, aliyechagua bustani ya serikali yenye mabenchi manne na choo kilichotiwa kufuli tangu siku ya uzinduzi, hana wa kumshangaa. Zamzam, mwalimu wa baiolojia, alipomuona alimwandika kwenye daftari la ndege.

Bustani iko ukingoni mwa maji, upande wa Kililana. Ukiegemea reli unaona winchi za bandari mpya, na huku karibu, fungu la mchanga linaloibuka maji yakitoka na kufunikwa yakijaa. Ndege hushukia hapo. Kwenye reli wameweka darubini kubwa juu ya nguzo ya chuma, na kando yake bango la picha. Picha ya katikati, ya heroe mmoja, yule ndege wa waridi mwenye miguu mirefu, aliyepotea njia, amesimama peke yake ukingoni mwa fungu, ilipigwa na Zamzam. Chini yake pana jina la mwalimu na tarehe. Waheshimiwa walikuja kupiga picha na picha hiyo.

Jambo lenyewe lilianza dogo. Mugambi, mlinzi aliyetoka Meru, alimpokea Jumamosi moja getini.

"Mwalimu, hii kitu jana nikifunga iliangalia bandari. Saa hii imegeuka kule."

"Upepo."

"Upepo gani uko na spana? Niliikaza mwenyewe."

Zamzam aliinama akatazama. Darubini ilielekea fungu. Vitwitwi thelathini na sita, yangeyange wanne, na nyuma yao mmoja mrefu, mweusi, aliyenyooka kupita kiasi. Akaandika arobaini na mmoja. Jina la yule mmoja akaliacha wazi.

Jumamosi ya pili alikuwepo tena, amesogea. Alikuwa akiinua bawa moja, analishusha, analiinua; la pili limeshikamana na kifua. Kioo cha darubini kilinuka petroli, na nguo mbichi iliyosahauliwa ndani ya mfuko. Zamzam alijipangusa jicho kwa ncha ya buibui akaendelea kuhesabu. Hakuogopa. Alikuwa kama mkono uliolaliwa usiku kucha: upo, ni wako, na hausikii kitu.

Alikuwa hivyo mwaka mzima.

"Mwalimu, ndoo unywe kahawa," aliita Huwaida kutoka benchi la kwanza, kama kila Jumamosi.

Huwaida alikuwa mke wa Bakr, fundi wa injini za boti. Asubuhi moja, mwaka uliopita, Bakr alitoka peke yake kujaribu injini aliyoitengeneza. Boti ilikutwa mikokoni, tupu. Mwili haukuonekana. Vijana waliomtafuta walianzia bustanini, wakamuuliza mwenye darubini. Zamzam akawaambia fungu lilikuwa tupu, nao wakageuza boti wakaenda kutafuta upande wa Manda.

"Jana nimerudi kwa kadhi," Huwaida alisema, akimimina. "Maneno ni yale yale. Hapana maiti, hapana shahidi, basi mtu amepotea tu. Ningoje. Miaka, mwalimu! Hata eda hawaniruhusu kukaa. Mamake Bakr kila siku atenga sahani yake, mimi ndiye niikoshaye. Si mke, si mjane. Ni nani mimi?"

Zamzam alipuliza kahawa. "Allah atafungua ndia," alisema, kwa sauti ile ile anayosomea majina ya wanafunzi.

Jumamosi ya tatu Mugambi aligoma. Aliketi nje ya geti na kofia yake mapajani. "Mimi si Muislamu na sibishani na wenyewe. Lakini hiyo kitu inazunguka nikiiangalia. Nikiiangalia, mwalimu! Leteni mtu wenu."

Huwaida akamleta Maalim Madi, na chetezo cha ubani, na kombe la zafarani, aya zilizoandikwa na kuoshwa kwa maji. Ilikuwa karibu saa sita. Maji yalikuwa yameanza kujaa, fungu limebaki kipande kama mgongo wa ng'ombe aliyelala. Maalim alinyunyiza kombe kwenye nguzo, akatia ubani, akasoma. Ndege wote waliruka mara moja, wakaenda bila sauti.

"Jini gani huyu," Maalim alinong'ona. "Namwambia ondoka, haondoki. Namuuliza ataka nini, si damu, si ubani. Kama mtu aliyepanga foleni."

"Msomee tena, Maalim," alisema Huwaida.

Akasoma tena, na hapo parafujo ya darubini ikaanza kujilegeza, polepole, ikikwaruza chuma kwa chuma, ikadondoka sakafuni, na lile bomba likajitoa kwenye fungu likaja likipita mikoko na winchi za bandari na bango la picha, bila haraka, huku ile harufu ya petroli na nguo mbichi ikiuzidi ubani wa Maalim, hadi likasimama, limeelekea benchi alilokalia Zamzam, kikombe chake mkononi.

Darubini ile haioni kitu kilicho karibu. Hukupa ukungu tu. Zamzam alijua, ndiye aliyewafundisha wageni. Lakini Huwaida aliinama, akaweka jicho.

"Mwalimu," alisema chini kwa chini, bila kuinuka. "Nyuma yako pana mtu amelowa. Simuoni uso. Ameshika shati, analipunga."

Tone la maji, baridi, la chumvi, lilianguka kwenye shingo ya Zamzam, likashuka mgongoni, na kwa mara ya kwanza tangu mwaka ule akahisi kitu.

"La rangi gani?" aliuliza.

"Mwalimu..."

"La buluu," Zamzam akajijibu. Aliweka kikombe chini, taratibu, kisimwagike. "Nilimuona, Huwaida. Alikuwa juu ya fungu, maji yamefika magotini. Mkono mmoja ameukumbatia, una damu. Kwa wa pili alikuwa akinipungia. Mimi, maana hapakuwa na mtu mwengine. Na yule heroe alikuwa ncha ya pili ya fungu. Nilijua nikiita boti ataruka. Nikasema, picha moja, ageuze shingo tu, kisha niite."

Huwaida alikuwa bado ameinama, jicho kwenye kioo.

"Nilipiga kumi na tisa," alisema Zamzam. "Nilipoinua kichwa, fungu lilikuwa tupu kweli."