Shore wa Mama

Rafiki yangu, fundi cherehani, si mtu wa kuzusha mambo. Mkewe alizoea kukaa kwenye kigoda bustanini na punje za mtama kiganjani. Ndege shore akitua kula, fundi alikuwa akimpiga picha kutoka jikoni. Mwezi mmoja baada ya mazishi ya mkewe, binti yao alipiga simu. "Baba, nitumie japo picha moja ya ndege wa mama."

Fundi akavuta pazia la jikoni, akaacha upenyo wa kamera, akasubiri gizani. Kigoda kilikuwa kitupu, na mtama hakuweka. Akasikia mabawa, kisha mdomo ukidonoa punje taratibu. Akapiga picha huku machozi yakimtoka.

Binti hajatumiwa, picha ninayo mimi. Shore amesimama hewani juu ya kigoda, mabawa ameyakunja, pale palipokuwa na kiganja cha mama.