Shikilia Pumzi

Haya hayakutokea mbali. Yalitokea kwa mjomba wangu, kaka wa mama, katika nyumba iliyonilea, na mengi niliyaona kwa macho yangu.

Mjomba alikuwa sajenti wa kuandikisha jeshi. Mwenyewe hakupigana vita hata mara moja. Kazi yake ilikuwa kuwatafuta wa kupigana. Mtaa mzima ulimwita Sajenti, hata mkewe. Alikuwa na ulimi wa asali. Siku ya usaili vijana walijaa uwanja wa mpira, naye akipita katikati yao anatania, "Jeshini mtakula mpaka mkanda uombe talaka." Wanacheka, wanavua mashati, wanapanga mstari. Anawazungushia kifuani futi kama ya fundi cherehani. "Vuta pumzi. Shikilia. Haya, achia." Anayefaa anagongwa bega, basi, ameshakuwa kuruta.

Miaka ikaenda hivyo. Vijana wakirudi likizo walikuja na mabati na magodoro, na mama zao walimwombea Sajenti dua njiani. Halafu vita vikazuka mpakani. Lori la vijana wa mtaa wetu liliondoka asubuhi, wanaimba. Hawakurudi. Maiti zao pia hazikurudi, wala habari.

Nyuma ya nyumba yetu alikaa mama mmoja muuza mkaa. Mwanawe wa pekee alikuwa kwenye lori lile. Siku Mjomba anastaafu, nyumba imejaa wageni, mama yule alikuja akasimama mlangoni. Hakupaza sauti.

"Sajenti, nilikuwepo uwanjani," alisema. "Mwanangu ulimwambia ashikilie pumzi. Halafu mtu akakuita, ukageuka. Hukumwambia aachie."

Akaenda zake. Mjomba alicheka, akacheka peke yake.

Wiki haikuisha. Ilikuwa mchana, jua la utosi, mimi napiga pasi ukumbini. Nikamsikia Mjomba nyuma yangu: "Vuta pumzi. Shikilia." Nikadhani anamtania mwanawe, binamu yangu Spoku, fundi baiskeli. Nikageuka. Alikuwa peke yake, amesimama mbele ya ukuta, mikono ameizungusha hewani na futi yake ya kazini. Kisha akaishusha mikono.

Futi haikuanguka. Ilibaki pale pale hewani, imekaza duara, upana wa kifua cha mtu.

"Nikimwambia aachie," alininong'oneza, "hasikii."

Tangu siku hiyo vijana wa lori walikuja kila alasiri. Sisi hatukuwaona. Tulisikia harufu tu, jasho na majani yaliyokanyagwa, na ukumbi ukawa na joto la watu wengi. Mjomba alipima mpaka jua likazama. Aliwaamuru watawanyike. Hawakutawanyika. Shehe alikuja akasoma, mchungaji akaja akaomba, kila mmoja akatoka anajifuta shingo, na hakuna aliyekubali kurudi.

Mke wa mjomba akanichukua, tukaenda kwa muuza mkaa. Alipiga magoti kwenye vumbi la mkaa na gauni lake jeupe.

"Dada, kama ni wewe, tusamehe. Waite warudi."

Yule mama alimwinua. Macho yake yalikuwa makavu. "Sikumtuma mtu, mwenzangu. Mimi mwenyewe namsubiri. Mkimwona wangu, mwambieni apitie nyumbani."

Tulirudi nyumbani. Jioni ile mke wa mjomba alimbana mumewe. "Wanataka nini?"

"Wanasema kikosi hakijatimia. Mmoja hayupo."

"Nani?"

Akatazama kibarazani, Spoku alikokuwa anaziba pancha huku akipiga mluzi. Ndipo alipotueleza, tukajua. Siku walipochaguliwa vijana wa lori lile, Spoku naye alipanga mstari, kifua kipana kuliko wote. Baba yake akampita kama hamjui, akagonga bega la aliyemfuata. Mtoto wa muuza mkaa.

"Uchungu wa mwana," alisema Mjomba. "Ningefanyaje?"

Mkewe aliingia ndani, akaanza kufunga begi la Spoku. Kesho yake angepelekwa kwa mama yangu, mbali.

Kesho ilifika, gari likaja mlangoni. Spoku hakutoka. Tulimkuta ukumbini, mgongo ukutani, shati lake la kazi amelitundika kwenye kiti. Kifua kimejaa. Macho wazi. Hapumui.

Mjomba alimkamata mabega. "Achia, mwanangu. Achia."

Kifua hakikushuka.

"Achia, baba. Nakuomba."

Bega la Spoku likabonyea. Likabonyea kama limegongwa na kiganja. Akatabasamu.

"Nimefaa," alisema, kwa sauti ya mtu aliyebana pumzi.

Akatembea. Mjomba akajitupa mlangoni, akatandaza mikono. Kitu kikamsukuma kando, taratibu, kwa adabu, kama kijana anavyomsogeza mzee njiani. Nami nikasukumwa. Bega lenye jasho. Jingine. Jingine. Pazia la mlango lilituna, likalegea, likatuna tena, mpaka wa mwisho akapita.

Barabarani watu wengi walimwona, kifua wazi, anaenda kwa hatua za gwaride, peke yake. Alikunja kona kwenye duka la pembeni. Muuza duka amekaa upande wa pili wa kona ile miaka yote. Anaapa hakuna aliyetokea.

Polisi walitafuta, jeshi likaulizwa, hakuna lililojulikana. Mjomba hakusema tena. Alikaa ukutani akivuta pumzi ndefu, akiibana, mpaka siku moja hakuiachia.

Shati la Spoku bado liko kwenye kiti. Mke wa mjomba hataki liondolewe. Asubuhi ni kavu. Alasiri limelowa jasho bichi, kwapani na mgongoni, na yeye hulifua, hulianika, hulirudisha. Rangi imeshakwisha.

Siku moja muuza mkaa alikuja kutuona. Alilichukua shati lile lililolowa, akajifunika nalo usoni, akanusa kwa muda mrefu.

"Hili jasho si la wenu," alisema. "Ni la wangu."

Mke wa mjomba alilishika upande wa pili. Hakuna aliyevuta.