Ufa Chini ya Rangi

Kila siku akitoka shule, Tilda alipitia karakana kabla ya kuingia nyumbani. Karakana yenyewe ilikuwa banda la ng'ombe la zamani, nyuma ya nyumba. Kazi yake ilikuwa kufagia maranda na kuyatia kwenye magunia kwa ajili ya kuwashia jiko. Mama yake, Annegret, alikuwa mkereza mbao, kama walivyokuwa wengi katika bonde lile la mto Flöha. Alikereza vinara vya mishumaa na vibakuli vya karanga kwa kerezo dogo, mashine inayozungusha mbao ili ichongwe, lililofungwa juu ya meza.

Mwaka ule hoteli moja ilimwagizia mama mabakuli makubwa ya saladi. Kerezo dogo halikuweza kazi hiyo, kwani gogo lililozidi upana wa sahani halikupata nafasi ya kuzunguka. Bahati nzuri, karakana moja kule Neuhausen ilikuwa inafungwa, na mwenyewe alikuwa anauza kerezo kubwa, kuukuu lakini zima, kwa bei nafuu, mradi liondolewe kabla ya Jumamosi.

"Akiba yangu peke yake haifiki," mama alisema mezani huku akimpakulia viazi. "Tukiliuza hili dogo, tutafika. Bi Irmtraud anakuja Alhamisi kulitazama. Wewe kazi yako ulisafishe ling'ae."

"Litang'aa kama meno ya bwana harusi," Tilda akajibu, na mama akacheka.

Kesho yake mama alikwenda kupeleka vinara dukani. Tilda akabaki karakanani na kitambaa na kopo la mafuta. Alifungua kiegemeo, kile chuma ambacho mkereza huegemezea patasi yake anapochonga, akakipaka mafuta pande zote. Kikamponyoka. Kikagonga sakafu ya mawe kwa mlio mkali uliomfanya afumbe macho.

Alipokiokota, aliona ufa kwenye shingo ya chuma, mwembamba kama unywele.

Alikumbuka maneno ambayo mama alimwambia tangu akiwa mdogo: kiegemeo kikivunjika gogo likizunguka, patasi hunaswa na kurushwa, na anayeipokea ni mkereza kwa uso wake. Lakini alikumbuka pia mabakuli ya hoteli, na jinsi mama alivyocheka mezani. Nani angenunua kerezo bovu? Kwenye rafu palikuwa na kopo la rangi ya kijivu. Alichovya brashi, akapaka kiegemeo chote. Ufa ukapotea.

"Lo, kimekuwa kipya kabisa," mama alisema jioni, akakipapasa kwa kidole. Tilda alihisi kama kidole kile kinapapasa koo lake.

Usiku ule hakula vizuri. Kesho yake shuleni, rafiki yake Jette alimwuliza, "Una nini wewe? Umenuna kama uliyemeza kijiko."

"Jette, kitu chenye ufa kinaweza kudumu?"

"Kikombe cha bibi yangu kina ufa, na mpaka leo anakinywea kahawa."

Tilda alitaka kufarijika, akashindwa. Kikombe hakizunguki. Kikombe hakishiki patasi.

Alhamisi Bi Irmtraud alifika. Alikuwa muuguzi mstaafu, mchangamfu, mwenye miwani minene. "Nimechoka kutazama televisheni," alisema huku akivua koti. "Mikono imezoea kazi. Nataka kujifunza kukereza kabla haijasahau."

Mama alifunga kipande cha mbao kwenye kerezo, akamvalisha kinga ya uso. Bi Irmtraud akaivua.

"Nikivaa hii juu ya miwani sioni kitu, Annegret. Nitaonja kidogo tu."

"Kidogo tu, basi. Egemeza patasi hapa, bibi. Ukandamize vizuri."

Bi Irmtraud aliinama, uso wake karibu kabisa na mbao. Mama akabonyeza swichi. Mashine ikaanza kuvuma. Tilda alisimama ukutani karibu na plagi, macho kwenye kiegemeo. Patasi ikagusa mbao, maranda ya kwanza yakaruka, na kiegemeo kikatoa mlio mdogo ambao hakuna aliyeusikia isipokuwa yeye.

Akairukia plagi na kuing'oa.

Mashine ikasimama polepole. Mama aligeuka, uso umekunjamana. "Tilda, umepatwa na nini?"

"Kiegemeo kina ufa," alisema kwa sauti iliyokatikakatika. "Nilikiangusha, mama. Nikakipaka rangi."

Mama alisogea kwenye kerezo. Alikifungua, akakikwangua shingoni kwa ncha ya kisu, kisha akakigonga ukingoni mwa meza, kidogo tu. Kikakatika vipande viwili. Alivitazama, kisha akautazama uso wa Bi Irmtraud usio na kinga, akaviweka chini taratibu.

Bi Irmtraud aliketi juu ya gunia la maranda. "Nimewashona wengi usoni," alisema taratibu. "Nisingependa kushonwa mimi." Akajikung'uta maranda. "Kerezo nalitaka bado. Ila gharama ya kiegemeo kipya utaitoa kwenye bei."

"Ni haki yako," mama alisema.

Kwa hiyo fedha hazikufika. Mama alimpigia simu mwenye karakana ya Neuhausen, akamweleza ukweli wote. Yule mzee alifikiri, kisha akakubali kuwauzia kerezo lenyewe kwa bei ya chini zaidi, bila miguu yake ya chuma. Miguu angemuuzia mnunuzi wa vyuma chakavu.

Wiki iliyofuata Tilda hakwenda kucheza. Alimshikia mama boriti nene za mti mgumu zikikatwa ili watengeneze meza badala ya ile miguu, akakaza bolti, akajaza mchanga kwenye sanduku la chini ili meza isitikisike. Malengelenge yalimtoka viganjani. Kerezo kubwa lilipopandishwa juu yake na kuwashwa, lilivuma bila kutikisika, na gogo pana likazunguka kwa raha.

Mama alilizima, akavua miwani ya kazi.

"Sikukugombeza siku ile kwa sababu nilikuwa na hofu kuliko wewe," alisema. "Sasa nisikilize. Chuma humponyoka kila mtu, hata mimi. Ungeniambia siku ileile, tungepoteza kiegemeo tu. Ulipokipaka rangi, uliamua mtu mwingine abebe hatari bila kujua. Ukiharibu kitu, mwanangu, niletee kikiwa kimevunjika, nikione."

"Nitakuletea, mama."

"Haya, vaa kinga yako. Simama nyuma yangu, tuanze bakuli la kwanza."