Mgombea Aliyekuja Kuazima

Mwezi wa kumi na moja hauna subira katika milima ya Kentucky. Jua likishagusa kilele, bonde lote la Stillhouse linaingia giza, na kama nguo zako bado ziko kambani, shauri yako. Ndiyo maana Delphia Sizemore alikuwa uani jioni ile, anaanua shuka haraka haraka, vibanio mdomoni. Zilikuwa shuka za kitanda cha Rena, binti yake. Hakuna aliyezilalia tangu mwezi wa nane, siku Rena alipotoka kwenda kazini asirudi. Delphia alizifua kila wiki hata hivyo. Mama hafundishwi kungoja.

"Jioni njema, shangazi."

Vibanio vilimdondoka.

Hakusikia gari. Hakusikia hatua. Wala Drum hakubweka, na Drum ni mbwa anayebwekea hata vipepeo. Alikuwa kajikunyata chini ya baraza, masikio yamelala, anatazama pembeni kama mtoto aliyevunja kikombe.

Mgeni alikuwa Arvil Crace, kofia mkononi, koti jeusi limenyooka. Kaunti nzima ilimjua kwa mabango: CRACE KWA USHERIFU. Aligombea kuwa sherifu, mkuu wa polisi wa kaunti. Bibi yake aliishi peke yake upande wa pili wa mlima, na mambo yaliyosemwa juu ya bibi yule hayakusemwa mbele ya watoto. Arvil aliondoka akiwa mdogo. Alirudi majira ya kuchipua, na kabla majani hayajapukutika watu walikwishampenda.

"Gari nimeliacha chini," alisema. "Napenda kutembea. Nina shida ndogo, shangazi. Jumamosi tunawapikia watu maharage pale shuleni, na chumvi imesahaulika. Nikasema, kwa shangazi Delphia haikosekani."

Katika milima ile unaweza kumshtaki jirani, ukamnunia mwaka mzima, hata ukamtupia mawe mbwa wake. Lakini akija kuazima, unampa. Kumnyima jirani kikombe cha chumvi ni aibu kubwa kuliko kukamatwa na kuku wa watu. Delphia aliingia jikoni akamletea kopo zima.

Crace alilipokea kwa mikono miwili. Akalinusa. Alikuwa na harufu ya kiberiti kilichozimwa kwa maji.

"Estill Gabbard hajampata Rena," alisema polepole. "Sherifu gani huyo? Mimi nitampata."

Delphia akamsogelea. "Umejuaje kama... kama yupo?"

"Yuko hai, shangazi. Wewe nipe neno lako tu."

Neno. Bonde la Stillhouse hupiga kura kwa mdomo mmoja, tangu enzi za baba mkwe wake. Jumapili kabla ya uchaguzi watu hupanda mpaka kwenye baraza ya Sizemore, wanakunywa kahawa, wanasikiliza jina moja, wanarudi makwao. Hakuna sheria inayosema hivyo. Ila tangu mumewe Delphia afe, anayelitaja jina hilo ni yeye, na kwenye kinyang'anyiro kikali jina hilo ndilo linalompa mtu kiti.

Asubuhi yake alipita jirani yake, Ova Fugate, mjane mwenzake, mwanamke ambaye hata kanisani hunyamaza kwa shida.

"Kaazima chumvi? Na kwangu pia! Kisha akaja kuazima nyundo. Kijana mzuri vile hana hata nyundo, maskini. Ningekuwa mdogo kidogo ningemwazima na godoro."

"Una wajukuu, Ova."

"Wajukuu hawajaniuliza." Ova alicheka mpaka akashika mbavu. Kisha akautazama ufagio uliokuwa umeanguka mlangoni, akauzunguka kwa mbali. "Namkumbuka Rena wako na ufagio. Ukianguka mlangoni, anazunguka nyumba nzima aingie kwa nyuma, asiuvuke."

"Nilimfundisha hivyo. Avukaye ufagio haolewi."

"Na hakuolewa hata hivyo," alisema Ova. Kisha akaona uso wa mwenzake, akamshika mkono. "Nisamehe, Delphia. Domo langu hili."

Crace alirudi Ijumaa, saa ileile ya giza kuingia, bango kwapani.

"Nimekuja bila nyundo, shangazi."

Delphia akampa nyundo ya marehemu mumewe. Hata hakufikiri. Crace akasimamisha bango karibu na ngazi, akapiga mti wake uzame ardhini.

Tok.

Ndani ya nyumba, kwenye chumba cha Rena, kitu kikajibu.

Tok.

Delphia alishika nguzo ya baraza. Crace akapiga tena.

Tok... tok.

Drum alilia kwa sauti nyembamba, akaingia chini kabisa ya nyumba.

"Umesikia?" Crace alinong'ona. "Anabisha. Yuko karibu kuliko unavyodhani."

Delphia alikimbilia chumbani. Kitanda kilikuwa kimetandikwa. Dirisha limefungwa. Hakukuwa na kitu, isipokuwa harufu ile ya kiberiti kilichozimwa kwa maji. Alipotoka, mtu hayupo na nyundo haipo. Unadhani aliogopa? Aliogopa, ndiyo. Lakini alilala usiku ule akitabasamu, maana mwenye kiu haulizi maji yametoka wapi.

Jumamosi mchana Drum alibweka mpaka akakaribia kupasuka. Alikuwa Estill Gabbard mwenyewe, sherifu, tumbo linatangulia, anatweta kwa ngazi tatu tu. Alikuwa na mfuko wa karatasi mkononi.

"Dada Delphia. Sikuja kuomba kura."

"Afadhali, maana huna."

"Najua." Akakaa bila kukaribishwa, akautoa mfuko ule kama mtu anayetoa jino. Ndani mlikuwa na koti la bluu. Mkono mmoja umechanika. Tope limekaukia kwenye kola. "Lilinasa kwenye mti, chini ya daraja. Mto ulikuwa umefurika wakati ule. Tulitafuta mpaka kwenye bwawa, hatukupata kingine."

"Lini?"

"Mwezi wa tisa."

Delphia alilijua koti lile. Kifungo cha pili alikishona mwenyewe, kwa uzi usiofanana.

"Mwezi wa tisa," alisema. "Na mimi nafua shuka."

"Nilikuja mara mbili. Nikafika pale kwenye geti, nikakuona umekaa unatazama barabara. Nikageuza gari." Macho ya Gabbard yalikuwa mekundu. "Mimi ni mwoga, dada. Sina zaidi ya hilo la kusema."

"Toka kwangu, Estill."

Alitoka. Ngazi zikalia chini ya uzito wake. Delphia alibaki na koti mapajani, na chuki aliyoisikia kwa mtu yule ingeweza kuchemsha maji. Mmoja anasema mtoto wake yuko hai. Mwingine kaleta tope. Ungekuwa wewe, ungemchagua nani?

Jumapili baada ya ibada alikwenda kwa Ova, apate mtu wa kulia naye.

Ova alikuwa barazani, mikono mapajani, amekaa wima. Bango la Crace lilisimama uani. Sakafu ilikuwa na vumbi na majani makavu, na Ova ni mwanamke anayefagia hata mvua ikinyesha.

"Unaumwa? Ufagio wako uko wapi?"

"Arvil kaazima." Ova alitabasamu. Tabasamu halikuwa lake. "Arvil ni mtu mwema. Sote tunampigia Arvil."

Ndani ya nyumba mtu alitembea. Buti nzito. Zilitoka jikoni, zikaja mpaka nyuma ya mlango, zikasimama.

"Ova... nani yuko ndani?"

"Hobert."

Hobert Fugate alikuwa mumewe Ova. Walimzika pamoja, mvuani, na Delphia ndiye aliyeshika mwavuli.

"Karudi Alhamisi jioni," Ova alinong'ona. "Hasemi. Hali. Lakini karudi, Delphia. Niache."

Chini ya mlango, kwenye ule mwanya, mlikuwa na ncha za buti mbili. Zina udongo mbichi.

Delphia alirudi nyumbani bila kujua miguu inakanyaga nini. Njiani maneno ya bibi yake yalimrudia, maneno aliyoyacheka tangu msichana. Chumvi motoni, chuma mlangoni, ufagio kizingitini. Nyumba yenye vitatu hivyo mchawi haiingii. Hawezi kuviiba, sharti akuombe, nawe umpe kwa mkono wako.

Chumvi alishampa. Chuma alishampa.

Alikuta giza limeshaanza kushuka. Kule chini barabarani tochi za watu wa bonde zilikuwa zinapanda taratibu, wanakuja kusikiliza jina. Na kwenye ngazi zake, kofia mkononi, alisimama Arvil Crace.

Nyuma yake, pale kivuli cha ghala kilipoanzia, alisimama mtu mwingine. Mwanamke. Hana koti.

"Nimetimiza," alisema Crace. "Ila miguu yake ina tope, shangazi. Niazime ufagio nimfagilie njia, aingie."

Delphia alimpita, akapanda ngazi, akaingia mlangoni. Ufagio ulikuwa pale pale ulipokaa siku zote. Akaushika.

"Rena?"

Yule mwanamke akainua kichwa. Nywele zilikuwa zimelowa. Mvua haikunyesha wiki ile.

"Mama," alisema. "Nasikia baridi."

Ilikuwa sauti yake. Nakwambia ilikuwa sauti yake, mpaka ule mkwaruzo mdogo aliobaki nao tangu alipougua koo utotoni. Delphia alipiga hatua moja mbele. Crace akanyoosha mkono, kiganja wazi, bila haraka.

"Ufagio, shangazi. Na neno lako. Wanakuja."

Angeutoa. Hilo asidanganye mtu. Alishaunyoosha nusu, na vidole vya Crace vilishafunguka kuupokea, pale alipokumbuka koti la bluu kitandani, na zile buti zisizosema, na tabasamu la Ova lisilo la Ova. Rena alikuwa na domo kama la mama yake. Akishaingia, angeishije ndani ya nyumba hii bila kusema, kama Hobert?

Akainama. Akaulaza ufagio kizingitini, upande hadi upande.

"Siazimishi," alisema. Ndiyo mara ya kwanza maishani mwake kumnyima jirani, na aibu ilimchoma hata wakati ule.

Crace hakukasirika. Alivaa kofia yake taratibu.

"Yeye ndiye utakayemnyima, shangazi. Si mimi."

Tochi zilipofika uani, hakukuwa na mtu kwenye ngazi wala penye kivuli cha ghala. Watu walipanda, wakasugua mikono, wakangoja kahawa. Delphia alisimama ndani ya mlango, upande wake wa ufagio.

"Estill," alisema.

Walitazamana. "Estill? Aliyeshindwa kumtafuta mwanao?"

"Estill mwongo na mwoga," alisema Delphia. "Lakini maiti anaiita maiti. Mpigieni."

Jumanne Gabbard alishinda kwa kura chache, na bonde ndilo lililomvusha. Crace hakuonekana tena. Askari walipofungua nyumba ya bibi yake walikuta nyundo za kaunti nzima zimetundikwa ukutani, makopo ya chumvi yamepangwa chini yake, na jivu la fagio kwenye meko. Kila mtu alikwenda kuchukua cha kwake. Nyundo ya Delphia haikuwemo.

Kwa Ova buti zilinyamaza Jumanne ileile. Delphia alimpelekea mkate wa mahindi, na Ova akaupokea getini, macho makavu.

"Hobert nilimzika mara moja," alisema. "Mara ya pili umemzika wewe." Akafunga geti. Hajaja tena.

Bango la Crace aliling'oa mwenyewe, akalichoma. Akanunua chumvi mpya. Alidhani yamekwisha.

Lakini kila jioni, jua likishagusa kilele, Drum huingia chini ya nyumba. Kisha nyundo hugonga nguzo ya baraza.

Tok... tok... tok.

"Mama. Ni mimi. Sogeza ufagio nipite."

Delphia huvuta kiti mpaka mlangoni, akaweka mguu juu ya mpini. Hujiambia kwamba mtu hai angeuvuka tu. Ufagio ni nini? Ni fimbo na nyuzi. Mwanawe wa kweli angeinua mguu, akaingia, akadai chakula.

"Mama. Ulinikataza nisiuvuke."

Na ni kweli, alimkataza.

Jana jioni baridi ilikuwa kali, na sauti ile ilikuwa inatetemeka. Ilipokoma, Delphia alitazama chini. Ufagio ulikuwa umesogea kidogo upande mmoja, mwanya wa kupita mguu mwembamba. Upepo haukuwepo. Alikaa pale akiutazama mpini kwa muda mrefu, akijaribu kukumbuka kama ni mguu wake uliousogeza.

Ndani, kwenye chumba cha Rena, kitanda kililia kama kinavyolia mtu akikikalia.