Magunia Kumi na Mawili ya Chumvi

Jumamosi moja ya Agosti 1955, foleni ya chumvi katika duka la Mhindi pale Nachingwea ilitoka mlangoni ikafika hadi kwa fundi cherehani. Mpango wa karanga ulikuwa umevunjika miaka minne nyuma na wazungu wengi walikuwa wamerudi kwao, ila siku ya gulio mji ulichangamka vilevile. Zaitun alikuwa amesimama hapo tangu asubuhi. Alikuwa amejifunga kanga mpya za rangi ya damu ya mzee, na kikapu chake kilikuwa kitupu baada ya kuuza ufuta aliokuja nao kutoka kijijini kwao, upande wa Ruangwa. Umri wake miaka ishirini na mitatu, ameachika mara moja, ana binti wa miaka minne aitwaye Ashura, na maneno hayakumpiga chenga.

Walipobaki watu wawili mbele yake, mwanamume mmoja alitoka dukani akifuatwa na wapagazi, kila mmoja na gunia la chumvi begani. Zaitun aliyahesabu. Yalikuwa kumi na mawili. Mwenye duka akatokeza kichwa akasema chumvi imekwisha mpaka treni ya Jumatano.

"Kaka, samahani," Zaitun alimwita yule mwanamume. "Huko kwenu kuna harusi, au mmeangusha tembo?"

Mwanamume aligeuka. Shati lake jeupe lilikuwa limepigwa pasi vizuri, lakini viatu vyake viligandwa na tope la kijivu.

"Hakuna harusi, dada. Ni kazi ya kampuni."

"Kampuni inakula chumvi?"

"Inakula kila kitu."

"Basi mie nikaunge mboga kwa machozi."

Mwanamume alicheka, akamsimamisha mpagazi wa mwisho, akafungua gunia na kumjazia kibaba kizima. Alisema anaitwa Halfani, kwao Lindi, ni karani wa maji katika mgodi wa mawe meusi.

"Ule wa kilimani?" Zaitun aliuliza. "Sisi ndio tuko chini yake. Kisima chetu kiko pale bondeni."

Halfani aliinamia viatu vyake. Zaitun alidhani ni haya ya mwanamume mbele ya mwanamke mzuri. Alikosea, lakini tusiende mbio.

Mgodi wenyewe ulikuwa mdogo, wa kujaribia. Walichimba mawe meusi ya kutengenezea penseli, wakayasaga, wakayaosha kwa maji na mafuta ya taa, na kilichobaki, tope zito la kijivu, wakalimwaga korongoni nyuma ya tuta la udongo. Mhandisi wa kizungu, ambaye vibarua walimwita Bwana Tope naye akalizoea jina hilo, alitaka kujua jambo moja tu: maji ya lile bwawa yanapenya chini ya tuta au hayapenyi, na kama yanapenya, yanatokea wapi. Chupa za maji zilizopelekwa Dar es Salaam kupimwa zilichukua wiki sita kurudisha majibu, na majibu hayakusema kitu. Ndipo akashika njia ya kizamani. Unamwaga chumvi nyingi upande wa ndani wa tuta, kisha kila asubuhi unaonja visima vya chini. Kitakachobadilika ladha kimejitaja chenyewe.

"Muonjaji asiambiwe," Bwana Tope alimwonya karani wake. "Akijua tunatafuta chumvi, ataionja hata kama haipo."

Halfani alikuwa mvutaji wa sigara tangu ujana, na ulimi wake ulikuwa umekufa zamani. Alihitaji ulimi wa mtu mwingine. Nacho kijiji kizima kilijua kwamba karamu yoyote kubwa, hata huko Mbekenyera, mchuzi hauepuliwi mpaka Zaitun auonje.

Halfani akaanza kwenda kisimani kila asubuhi na daftari lake.

"Leo yakoje?" aliuliza siku ya kwanza.

Zaitun alikunywa kutoka kwenye kata, akayazungusha mdomoni. "Leo yana ubaridi wa jiwe. Matamu."

Siku ya tano alisema, "Yana uvivu, kama mtu mmoja ninayemjua."

"Niandike hivyo?"

"Andika. Na jina lake uandike."

Siku ya tisa Halfani alimletea kitambaa cha kichwa. Siku ya kumi na moja alimbebea debe hadi nyumbani, wanawake wakacheka mpaka wakamwaga maji yao. Siku ya kumi na nne, chini ya kivuli cha mikorosho ya mjomba wake Zaitun, alimwambia wazi.

"Zaitun, nakupenda. Nataka kuja kwa mjomba wako."

"Unajua kwetu mume ndiye anayehamia kwa mke? Utaishi hapa, uwalimie wakwe, ule ugali wetu, unywe maji yetu."

"Nitakunywa."

"Usiseme haraka, laazizi. Kufikiri ni bure."

Alikuwa na furaha, na sioni haya kusema alikuwa na furaha kuliko siku ya ndoa yake ya kwanza. Naye Halfani alimpenda kwa moyo mweupe kabisa. Ila kila asubuhi aliandika ladha ya maji kwenye daftari, na kila jioni kile kisichosemwa kilizidi kuwa kizito. Alijiambia kwamba chumvi haimdhuru mtu. Hilo lilikuwa kweli, na hakujiambia zaidi ya hapo.

Siku ya kumi na tisa, Ashura alisukuma bakuli la uji.

"Mama, umetia chumvi."

"Sijatia chumvi, kunywa."

Mtoto alikataa. Zaitun alionja uji, akainuka akaonja maji ya mtungini, kisha akaenda kisimani na kuonja tena. Wasio na ulimi ule wasingehisi kitu. Yeye alihisi, akachukua njia ya kilimani bila hata kubadilisha kanga, akamkuta Halfani juu ya tuta na fimbo ya kupimia.

"Maji yana chumvi," alisema.

Na hapa ndipo Halfani alipofanya kosa ambalo hata leo silifahamu vizuri, ingawa ninajua lilitoka wapi. Alifurahi. Alirusha fimbo chini, akapiga makofi, akatoa daftari na kutazama saa. "Siku kumi na tisa," alisema. "Yamefika. Yamefika, Zaitun, umeyapata. Bwana Tope hataamini."

Zaitun alimtazama akiandika. Akayakumbuka magunia kumi na mawili. Akalitazama bwawa, lile tope la kijivu lenye utando wa mafuta unaong'aa juani.

"Chumvi uliimwaga humu," alisema.

"Ndiyo. Ilikuwa lazima usijue, ili..."

"Kama chumvi imetoka humu ikafika kwangu, na haya mengine yamefika."

Kalamu ilisimama.

"Mgodi umeanza lini? Masika ya mwaka juzi. Mwanangu amekuwa akinywa nini tangu masika ya mwaka juzi, Halfani?"

Halfani alilifunga daftari. Furaha ilimtoka usoni, lakini ilikuwa imeshaonekana.

"Mie nilidhani unakuja kuniona," Zaitun alisema kwa sauti ya chini. "Kumbe ulikuja kutazama kama tope limefika. Usije tena kisimani." Akashuka kilima, na hakugeuka.

Bwana Tope, tusimwonee, aliandika ripoti usiku uleule wala hakupunguza neno. Akaenda Nachingwea kupiga simu kwa wakubwa. Aliporudi alikaa kwenye gari muda mrefu kabla ya kushuka.

"Wanasema kipimo cha ulimi si kipimo," alimwambia Halfani. "Tungoje masika yapite, tupime upya. Na vijijini tusiseme kitu."

"Na wewe unasemaje, bwana?"

"Mimi nimeandika nilichoandika."

"Wale wa kisimani hawasomi ulichoandika," Halfani alisema.

Asubuhi iliyofuata alikwenda kisimani, ingawa alikatazwa. Wanawake walikuwa wengi, madebe yamepangwa. Zaitun alikuwa nyuma kabisa, akampa mgongo. Halfani alisimama akawaambia yote bila kuzungukazunguka: tuta, tope, chumvi, siku kumi na tisa. Alisema maji ya kisima hiki na pengine ya vingine viwili vya chini yanatoka bwawani.

"Sasa tunywe wapi?" aliuliza mama mmoja mtu mzima.

"Ng'ambo ya kilima, shangazi, njia ya Narung'ombe. Huko maji hayajaguswa."

"Huko ni mwendo wa saa mbili kwenda."

"Najua."

"Hujui, baba. Hujawahi kubeba."

Hakuna aliyemshukuru. Mmoja alilia kwa hasira, mwingine akachota hivyohivyo akaondoka, kwa sababu watoto wake walikuwa na kiu siku ile. Ukweli aliowaletea uliwaongezea mzigo kichwani, nao walikuwa na haki ya kumchukia. Zaitun aliinua debe lake tupu, akapita karibu naye bila neno, akashika njia ya Narung'ombe.

Mchana Halfani alifukuzwa kazi. Alifunga sanduku lake, akapata nafasi kwenye lori la kesho yake kwenda Nachingwea, na kutoka huko treni ya pwani. Jioni, kabla jua halijazama, akaitwa kwa mjomba Isihaka.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Kaa." Mzee Isihaka alikuwa mtu wa maneno machache. "Mimi sikukuita. Mpwa wangu ndiye ana swali. Lijibu mbele yangu."

Zaitun alikaa kwenye mkeka, Ashura amelala mapajani mwake. Miguu yake bado ilikuwa na vumbi la njia. Hakumtazama Halfani.

"Siku ile juu ya tuta ulifurahi," alisema. "Ulifurahia nini?"

Halfani alikuwa amejitengenezea majibu mengi siku zote zile, na mengine yalikuwa mazuri. Hakuyatumia.

"Nilifurahi kazi yangu imefaulu. Sikukufikiria wewe. Wala Ashura sikumfikiria. Mpaka uliponiuliza."

Mzee Isihaka aliguna. Zaitun alimpapasa mtoto nywele.

"Na huyu," alisema, "amedhurika?"

Hilo ndilo swali lililokuwa halimpi usingizi tangu siku ya uji. Mtoto alikuwa mzima, anacheza, anakula. Lakini miaka miwili ni mingi katika tumbo dogo.

"Sijui," Halfani alisema. "Bwana Tope naye hajui. Sidhani kuna anayejua."

"Mtu wa kampuni angeniambia hajadhurika."

"Angekwambia."

"Ningelala leo."

"Ungelala, ndiyo."

 Nje wanawake walikuwa wanarudi na maji, hatua zao nzito. Zaitun alifuta macho kwa upindo wa kanga, akamwinua Ashura, akasogea mpaka kwa Halfani na kumweka mtoto mikononi mwake. Mtoto alikuwa mzito wa usingizi, na Halfani aliogopa kumshika kuliko alivyowahi kuogopa kitu chochote.

"Lori lako ni kesho?" Zaitun aliuliza.

"Kesho asubuhi."

"Liache liende," alisema. "Kama ni kungoja kujua, mie peke yangu siwezi. Tutangoja wawili."